Rola kosta ya LEGO: kuyapima maoni ya mashabiki na kuifanya treni irudi kituoni

Lawama tatu hurudi kila mara LEGO inapotoa seti kubwa ya uwanja wa bembea: bei, mota ambayo haimo ndani ya boksi, na treni inayosimama njiani kabla ya kufika kituoni. Mbili za kwanza ni za kweli. Hutaziondoa, utazipangia tu. Ya tatu mara nyingi si kosa la seti. Ni meza iliyoinama, ekseli (kijiti ambacho gurudumu au gia huzungukia) iliyobanwa, au unywele mmoja uliojisokota kwenye gurudumu, na dawa yake ipo.

Mwongozo huu unahusu hasa seti mbili za rola kosta, yaani treni ya burudani inayopandishwa juu na kuachiwa iteremke kwa kasi: Roller Coaster namba 10261 ya mwaka 2018, yenye vipande 4,124, na Loop Coaster namba 10303 ya mwaka 2022, yenye vipande 3,756. Kila moja ina vijitu 11, yaani vijisanamu vya watu vya LEGO. Ya kwanza huipandisha treni mlimani kwa mnyororo. Ya pili huinyanyua kwa lifti ya mnara, kisha huiachia ipite vitanzi viwili kichwa chini. Mengi yaliyomo humu yanafaa pia kwa seti ndogo zenye reli za aina hiyohiyo.

Lawama zimetoka wapi

Mwaka 2009 LEGO ilitoa Grand Carousel, 10196, vipande 3,263, na ndani ya boksi hilo kulikuwa na mota, boksi la betri na tofali la sauti. Unajenga, unawasha, inazunguka. Zilizofuata ziliacha desturi hiyo: Fairground Mixer ya 2014, Ferris Wheel ya 2015 na Carousel ya 2017 huzungushwa kwa mkono, na anayetaka mota hununua kando. Kwa hiyo anayeuliza “bei yote hii na mota hamna?” si lazima awe mlalamishi tu, huenda ameshaona ilivyokuwa zamani. Hoja yake ina uzito, na haijajibiwa vizuri hadi leo.

Shangwe nayo ina chanzo chake. Reli hizi za rola kosta zilionekana kwanza mwishoni mwa 2017 kwenye The Joker Manor, 70922. Kabla ya hapo wajenzi walijibunia: wengine walikunja mipira myembamba, wengine walitumia reli za treni ndogo. Walipoona reli mpya, wajuzi walikisia papo hapo kwamba kampuni haitengenezi kalibu za gharama kwa ajili ya seti moja tu. Miezi michache baadaye 10261 ikatangazwa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya sifa za mwaka 2018 zilielekezwa kwenye reli na mabehewa kuliko kwenye jengo lenyewe. Watu walikuwa wanatafuta malighafi ya kujengea rola kosta zao wenyewe.

Ukisoma maoni, basi, jiulize kwanza mwandishi anataka nini. Anayetaka pambo la kabatini, anayetaka mashine inayotembea na anayetaka vipande vya kujengea vyake watatoa hukumu tatu tofauti kwa boksi lilelile, na wote watakuwa wamesema kweli.

Bei: hesabu wanayoitumia, na inapodanganya

Kipimo cha kawaida ni bei kugawanya kwa idadi ya vipande. Kwa bei za Marekani siku seti zilipotoka, 10261 ilikuwa dola 379.99, yaani senti 9.2 kwa kipande. Loop Coaster ilikuwa dola 399.99, senti 10.6 kwa kipande. Linganisha na Carousel ya 2017: dola 199.99 kwa vipande 2,670, senti 7.5. Ferris Wheel, dola 199.99 kwa vipande 2,464, ni senti 8.1. Haunted House ya 2020, dola 249.99 kwa vipande 3,231, ni senti 7.7.

Kwa namba hizo pekee Loop Coaster inaonekana ghali kuliko ndugu zake wote, na lawama nyingi za 2022 ziliishia hapo. Lakini kipande kimoja cha reli iliyonyooka chenye urefu wa vinundu 16 (vijidude vya duara vilivyo juu ya tofali) kinahesabiwa kimoja, sawa na kibamba kidogo, yaani tofali jembamba, cha kinundu kimoja ambacho ukikiangusha kwenye zulia hukioni tena. Seti yenye reli nyingi itaonekana ghali siku zote kwa hesabu hii. Kipimo cha haki zaidi ni kulinganisha rola kosta na rola kosta, kisha ukaongeza gharama ya mota na betri kwenye bajeti kana kwamba ni sehemu ya seti. Ukiona bado inavumilika, endelea. Ukiona haivumiliki, kuna Pirate Roller Coaster, 31084, ya 2018 yenye vipande 923. Ni ndogo na haina mnyororo, ila reli na mabehewa yake ni ya aina ileile, na inakuonyesha mapema kama mchezo huu unakufaa.

Jinsi ya kusoma maoni kabla ya kununua

Tupa kando maoni yote yaliyoandikwa siku picha za kwanza zilipotoka. Hayo yanahusu rangi na bei, na hakuna aliyekuwa ameshika seti. Maoni ya wiki ya kwanza baada ya mauzo yanafaa kwa mambo ya ujenzi: hatua zinazojirudia, stika, mifuko iliyochosha. Yenye thamani zaidi huja miezi kadhaa baadaye, kutoka kwa mtu ambaye treni yake imeshazunguka mara nyingi. Huyo ndiye anayejua kama mnyororo unalegea na kama mnara unayumba.

Kwenye video, tafuta mzunguko mmoja ambao haukukatwa. Angalia mambo matatu: treni inaondoka kituoni kwa nguvu ya nini, inarudi hadi wapi bila kusukumwa, na mkono wa mtu uko wapi wakati wote. Video iliyounganishwa kutoka vipande vifupi haithibitishi chochote. Angalia pia kama mabehewa yana vijitu ndani yake. Treni tupu na treni iliyojaa haziendi sawa, na anayeonyesha moja tu amekupa nusu ya habari.

Mtu akiandika “inakwama” bila kusema inakwama wapi, usihesabu. Akiandika “inakwama kwenye kona ya mwisho kabla ya kituo, ikiwa na vijitu, kwenye meza ya kioo”, huyo soma mpaka mwisho.

Meza kwanza

10261 ina upana wa sentimita 88, kina cha sentimita 41 na urefu wa kwenda juu sentimita 53. Loop Coaster ina upana wa sentimita 85, kina cha sentimita 34, na inasimama sentimita 92. Watu wengi hupima upana na kusahau urefu. Rafu ya kawaida ya vitabu haiwezi kuipokea Loop Coaster. Acha pia nafasi ya mkono upande wa kuzungushia, vinginevyo utakuwa unaivuta seti nzima kutoka ukutani kila unapotaka kuichezesha.

Jenga juu ya ubao, usijenge moja kwa moja mezani. Kipande cha plaiwudi cha milimita 12, chenye ukubwa wa sentimita 100 kwa 50, kinatosha kwa yoyote kati ya hizi mbili. Ubao unakupa faida mbili: unaweza kuhamisha seti bila kuivunja, na unaweza kusawazisha ubao badala ya kuhangaika na meza. Weka pimamaji juu ya ubao kwa urefu, kisha kwa upana, kisha kwa mshazari. Penye pengo ingiza vipande vya katoni chini ya ubao. Fanya hivi kabla ya kufungua mfuko wa kwanza na urudie ukimaliza, kwa sababu ubao mwembamba hujikunja kidogo ukibeba uzito.

Tandika kitambaa kizito au kipande cha zulia chini ya ubao. Mlio wa mnyororo unapopanda ni mojawapo ya mambo yanayogawa watu, wengine wanaupenda kuliko kitu kingine chochote, lakini meza tupu ya mbao huukuza kama ngoma. Kitambaa kinaacha mlio wa mnyororo na kuondoa mtetemo wa meza.

Seti ikae mbali na dirisha lenye jua la moja kwa moja. Matofali meupe hugeuka manjano kwa mwanga wa jua, na 10261 ina nguzo nyingi nyeupe.

Wakati wa kujenga

Kitabu cha maelekezo kinajitosheleza, kwa hiyo hapa ni yale tu ambayo kitabu hakisisitizi.

Nguzo zinajirudia, na hapo ndipo uvivu unapozaa kasoro. Jenga nguzo zote zinazofanana kwa pamoja, zipange wima mezani bega kwa bega, kisha pitisha rula juu ya vichwa vyao. Kibamba kimoja cha LEGO kina unene wa milimita 3.2 na tofali lina 9.6. Nguzo iliyokosa kibamba kimoja huitambui kwa jicho ikiwa peke yake, lakini kwenye reli ni kibonde ambacho treni itakilipia kwa kasi yake.

Kila ukiunganisha reli mbili, bonyeza kwa kidole gumba juu ya nguzo, kisha pitisha ncha ya kidole cha shahada juu ya kiungo, kwenda na kurudi. Usihisi chochote. Ukihisi ngazi, hata ndogo, ng'oa na uweke upya. Mara nyingi ni reli ambayo haijashuka hadi chini kwenye vinundu vyake. Ngazi ya kushuka treni huivumilia, ya kupanda huikata kasi. Kwa hiyo pitisha kidole kwa mwelekeo ambao treni itapita.

Ekseli na gia ndizo chanzo kikubwa cha mkono mgumu wa kuzungushia. Unapoweka bushi, kile kipete kinachozuia ekseli isiteleze, usiibane hadi mwisho dhidi ya boriti. Acha nafasi ya unene wa karatasi moja. Baada ya kila ekseli mpya, izungushe kwa vidole viwili. Inapaswa kuendelea kidogo yenyewe ukiiachia. Ukingoja hadi mwisho ndipo ujaribu, utakuwa na ekseli nyingi za kushuku kwa wakati mmoja.

Mnyororo hesabu mara mbili. Kiungo kimoja kikipungua, mnyororo unakaza na kuvuta ekseli zipinde. Kikizidi kimoja, unalegea na kuruka meno ya gia kileleni, pale mzigo unapokuwa mkubwa. Viungo vyote vielekee upande mmoja; kilichogeuzwa hufunga na kufungua kwa shida kila kinapopita kwenye gia. Vuta mnyororo taratibu mezani, kiungo baada ya kiungo, kabla ya kuufunga kwenye mashine.

Stika zibandike zile zilizo kwenye vibanda na mabango kabla vipande havijaungwa, juu ya meza, kwa kutumia ncha ya kifaa cha kutenganishia matofali badala ya kidole. Wengine hawazibandiki kabisa na seti haipotezi kitu katika kutembea.

Na hili ni muhimu kuliko yote: endesha behewa kabla ya mapambo. Njia ikishafungwa mzunguko mzima, simamisha ujenzi, weka treni kileleni na uiachie. Ikirudi vizuri, endelea na vibanda, miti na taa. Isiporudi, kurekebisha sasa ni kazi ya dakika chache. Ukishapanga bwawa la chura, kibanda cha tiketi na gari la peremende za pamba, mkono hauingii tena.

Treni inaposimama: soma mahali ilipokwama

Usianze kubomoa. Endesha treni mara 20 na uweke alama ya penseli kwenye ubao kila inapokwama. Mpangilio wa alama ndio utakaokuambia tatizo ni nini.

Alama zote zikiwa mahali pamoja, tatizo ni la njia. Kuna kiungo chenye ngazi, nguzo iliyoshuka, au kitu kinachogusa ubavu wa behewa linapopita: tawi la mti, bendera, mkono wa kijitu kilichosimama karibu. Sukuma behewa kwa kidole polepole mahali hapo na usikilize.

Alama zikiwa zimetawanyika njia nzima, njia iko salama. Tatizo ni magurudumu. Geuza mabehewa na utazame ekseli kwa tochi. Nywele, nyuzi za zulia na manyoya ya paka hujisokota pale gurudumu linapokutana na mwili wa behewa. Ondoa kwa kibano, kisha safisha kwa brashi laini kavu. Usitie mafuta. Mafuta ya kupikia na ya cherehani hushika vumbi na kuwa tope, na baadhi ya mafuta hupasua plastiki ya matofali haya baada ya muda.

Alama zikiwa zote karibu na mwisho, kwenye kona ya mwisho au mita ya mwisho kabla ya kituo, hakuna mahali pamoja pabovu. Treni inapoteza kidogo kila mahali na inafilisika mwishoni. Hapa angalia pimamaji kwanza. Upande wa kituo ukiwa juu kwa milimita chache kuliko upande wa pili, treni inamalizia safari ikipanda. Kisha angalia kona. Kwenye kona magurudumu husugua ubavu wa reli, kwa hiyo kona yenye vumbi hula kasi kuliko sehemu iliyonyooka. Ifute kwa kitambaa kikavu kisichotoa nyuzi.

Seti ya 10261 ina treni mbili za mabehewa matatu matatu, na hiyo ni bahati katika utafutaji wa kosa. Ikikwama moja tu, umeshajua. Ibadilishe behewa moja moja na ile nzima hadi kosa lihame.

Kupima mabehewa peke yake: chukua reli moja iliyonyooka ya vinundu 16, ambayo ina urefu wa milimita 128, uilaze mezani. Weka behewa juu yake, kisha inua ncha moja kwa kuweka vibamba chini yake, kimoja baada ya kingine, hadi behewa lianze kuteleza lenyewe. Andika idadi ya vibamba. Rudia kwa kila behewa, pande zote mbili. Hutafuti namba fulani, unatafuta behewa ambalo namba yake imeachana na za wenzake. Hilo liweke nyuma ya treni au ulisafishe upya.

Kiungo kati ya behewa na behewa nacho kiwe huru. Ukishika treni kwa behewa la mbele na kuipinda kama kona, ya nyuma yafuate bila kukaidi.

Treni mbili kwa pamoja huleta hamu ya kuziachia zifuatane. Ziachie, lakini ya pili isifike kileleni kabla ya kwanza haijarudi, na breki ya kituoni iwe imefungwa hadi pale. Rola kosta za kweli zina mfumo wa kuzuia treni mbili zisiingie kipande kimoja cha njia. Hapa mfumo huo ni wewe.

Vitanzi vya Loop Coaster

Hapa maoni ya mashabiki yalikuwa makali pande zote mbili. Waliofanikiwa wanasema ni kitu cha kustaajabisha kuliko vyote vilivyowahi kutoka kwenye mfululizo huu. Ambao treni yao ilianguka wanasema wameuziwa pambo. Tofauti yao ni kasi tu.

Behewa la LEGO halijashikwa na chochote kutoka chini ya reli. Ukilinyanyua linatoka. Kwa hiyo kileleni mwa kitanzi kinacholishikilia ni mwendo wake peke yake. Katika kitanzi cha duara kamili, bila msuguano, kitu kinapaswa kuanza kushuka kutoka urefu wa mara mbili na nusu ya nusukipenyo, ukipima kutoka chini ya kitanzi. Kitanzi chenye nusukipenyo cha sentimita 10 kinadai sentimita 25, na hiyo ni kabla msuguano haujachukua chake. Ndiyo sababu mnara ni mrefu hivyo, na ndiyo sababu rola kosta halisi hazitumii duara. Revolution ya Six Flags Magic Mountain kule California, iliyofunguliwa mwaka 1976, ilipewa kitanzi chenye umbo la tone la maji kilichobana juu na kupanuka chini, kazi ya mhandisi Mjerumani Werner Stengel, na umbo hilo limeenea duniani tangu hapo.

Kwa mjenzi maana yake ni hii. Ngazi yoyote kwenye mteremko wa kwanza ina gharama kubwa kuliko mahali pengine popote, kwa sababu inakula kasi ambayo kitanzi kinaihitaji sentimita chache baadaye. Pitisha kidole pale mara mbili. Mnara uwe wima: tazama kutoka mbele na kutoka ubavuni dhidi ya ukingo wa mlango. Mnara unaoyumba treni inapoachiwa unameza sehemu ya nguvu kwa mtikisiko wake, kwa hiyo bonyeza upya kila kiungo cha chini. Wakati wa kuiachia, usiisukume. Msukumo wa mkono huanza upande mmoja na kuipeleka treni kwenye reli ikiwa imekaa mshazari.

Uzito hauongezi kasi ya kushuka kwa wenyewe, lakini vikwazo vidogo kama hewa na vumbi la ekseli haviipunguzii treni nzito kasi kama vinavyoipunguzia treni tupu. Jaza vijitu vyote. Vibane miguu yao kwenye vinundu vya kiti hadi visikike, na kofia zinazolegea zivue. Kofia ikidondokea reli kwenye kitanzi cha kwanza, treni itakutana nayo kwenye mzunguko unaofuata.

Mota, kama umeamua

Usiweke mota kwenye mashine ambayo mkono hauizungushi kirahisi. Mota haiponyi msuguano. Inauficha hadi gia ivunje jino. Zungusha kwa mkono mizunguko kadhaa ukiwa umefumba macho. Ukihisi ugumu mara moja kwa kila mzunguko wa mkono, ekseli ya mkono huo imepinda au gia yake imebanwa. Ukihisi mara moja kwa kila mzunguko mzima wa mnyororo, kuna kiungo kimoja kibaya, na unaweza kukikamata kwa kusimama palepale. Ugumu wa kudumu unatoka kwenye bushi zilizobanwa.

Seti ya 10261 ilitoka ikiwa imeandaliwa nafasi ya mota ya Power Functions, mfumo wa zamani wa LEGO wa mota na betri: M-motor 8883 na boksi la betri 88000. Familia hiyo haitengenezwi tena, na vifaa vya Powered Up vilivyoirithi vina plagi tofauti kabisa. Plagi za zamani na mpya haziingiliani, kwa hiyo usichanganye mota ya huku na betri ya kule. Nunua vyote kutoka familia moja. Kwa Loop Coaster chukua Powered Up moja kwa moja. Ukitaka kupunguza na kuongeza mwendo kwa simu, unahitaji kitovu, yaani boksi la betri linalowasiliana na simu kwa Bluetooth, kama 88009. Boksi la kawaida la betri huwasha na kuzima na kugeuza mwelekeo tu, na kwa mnyororo hilo linatosha.

88000 na 88009 zote hutumia betri sita ndogo za AAA. Za kawaida zikiwa mpya hutoa volti 1.5 kila moja, jumla 9. Za kuchaji hutoa 1.2, jumla 7.2, na lifti itakwenda polepole zaidi. Si ubovu. Mtu anayelalamika kwamba mota yake ni dhaifu kuliko ya kwenye video, muulize ametumia betri gani.

Mnyororo ukienda kinyume, geuza mwelekeo kwenye boksi la betri. Usigeuze gia.

Kununua iliyotumika, na kuisafirisha

10261 haipo tena kwenye uzalishaji, kwa hiyo wanunuzi wengi wa sasa wanapata iliyotumika. Omba picha za vitu vinne: reli zote zikiwa zimepangwa sakafuni, mnyororo ukiwa umenyooshwa, mabehewa yakiwa yamegeuzwa magurudumu juu, na nguzo nyeupe karibu na karatasi nyeupe ili uone kama zimegeuka manjano. Matofali madogo yaliyopotea ni rahisi kuyapata. Reli na mabehewa ndiyo yenye bei. Kitabu kikikosekana si hasara, maelekezo yanapakuliwa bure kwenye tovuti ya LEGO. Vipande vya kuongezea vinapatikana kwa wauzaji wa BrickLink, soko ambalo LEGO ililinunua mwaka 2019. Seti mpya ikikosa kipande, huduma kwa wateja ya LEGO hutuma kingine bila malipo.

Aliye Dubai, Muscat au Ulaya na anataka kuipeleka Mombasa au Dar es Salaam kwenye begi, afungue boksi. Katoni inakula nafasi kuliko yaliyomo. Toa mifuko yenye namba uisambaze kati ya nguo, reli zifunge pamoja kwa fulana ili zisipinde, boksi likunje bapa kama unalitaka, na kitabu kiweke mgongoni mwa begi. Seti iliyokwisha kujengwa haisafiri. Vunja kwa sehemu, kila sehemu mfuko wake, na uandike jina lake.

Iliyochafuka ioshwe vipande vipande kwa maji ya vuguvugu yasiyozidi nyuzi 40 na sabuni laini, isipokuwa mota, boksi la betri na vipande vyenye stika. Kausha kwenye taulo kivulini. Mabehewa yakaushwe kwa muda mrefu kuliko vingine, kwani maji hujificha kwenye ekseli.

Ukiandika maoni yako

Taja namba ya seti, iko juu ya kitu gani, ina mota au haina, betri za aina gani, vijitu vimo au havimo. Kisha toa hesabu ya ile mizunguko 20: imerudi mingapi, imekwama mingapi, na wapi. Picha moja ya ubao wenye alama za penseli itajibu maswali ambayo aya tatu za kulaumu haziwezi kuyajibu. Kama umebadilisha kitu, umeongeza kibamba chini ya nguzo fulani au umepunguza kiungo cha mnyororo, andika ukurasa wa kitabu na namba ya hatua, ili mwenzako aliye na seti ileile aweze kujaribu jioni hiyohiyo.